Nergiz Hayumo Pichani

Amuda, 20 Februari 2015

Sosin wangu,

Leo nimekuona ndani ya simu ya mke wa muuza mafuta. Nilikuwa nampima gauni, mdomo umejaa pini, akanisukumia kioo usoni: "Zekiya, huyu si binti wa kaka yako?" Nusura nizimeze. Ulikuwa wewe kabisa. Umesimama ukingoni mwa mto Khabur na bunduki ndefu kama nguzo ya hema, misuko miwili imelala kifuani, na jua limekupiga upande mmoja wa uso kana kwamba limetumwa.

Chini kulikuwa na maneno ya kigeni. Binti wa mwalimu akatusomea. Eti wapiganaji wenzako wa Kikurdi wanakuita "Kifo chenye Macho ya Asali". Eti umeua wanaume arobaini peke yako, na wale wa bendera nyeusi, Daesh, wakisikia sauti yako wanatimua mbio, kwa kuwa mwanamume akiuawa na mwanamke haioni pepo. Wanawake dukani wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini. Mtoto niliyemlea mimi baada ya mama yake kufariki alikuwa akizirai kuku akichinjwa. Huyu mwenye arobaini nani kamleta?

Usidhani nakusimanga. Nimejivuna hadi shingo inauma. Ila usiku huu sitalala, na wewe ndiye wa kulaumiwa.

Baba yako, tangu uondoke bila kumuaga, hajalitaja jina lako. Unamjua Silo, akinuna ananuna na viatu vyake. Lakini jioni alikuja dukani, akajifanya anatafuta kifungo cha koti, kisha akaomba aione hiyo picha. Akaitazama mpaka simu ikazima. Akasema, "Amekonda," akaenda zake. Kifungo kakisahau.

Najua simu mmezizuia huko ili adui asijue mlipo. Basi nampa barua dereva wa lori la unga. Niandikie, na usinifiche.

Shangazi yako,
Zekiya


Gire Sor, 2 Machi 2015

Shangazi,

Pole kwa pini. Hapa hakuna kifo wala asali. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo mpaka gazeti lilipofika, na sasa wenzangu hawaniachii: "Ewe Macho ya Asali, zamu yako kuosha masufuria."

Mimi ni mhudumu wa majeruhi. Natembea na mkoba wa bendeji na bunduki yangu fupi. Risasi nimepiga, sikufichi, na sipendi kulizungumza. Lakini wanaume arobaini sijawahi kuwaona mahali pamoja tangu harusi ya binamu yangu. Na hao Daesh hawatukimbii, Shangazi. Laiti wangetukimbia. Wanakuja, na tunawazuia, na kila kijiji tunachokirudisha tunakirudisha kwa kuzika watu.

Waandishi walikuja asubuhi, wamevaa kofia za chuma mpya. Walituangalia mmoja mmoja kama watu wanaochagua tikiti maji. Wakanichagua mimi. Wakasema bunduki yangu ni ndogo, wakaazima ya Nergiz. Wakaomba nifungue kilemba na nilete misuko mbele. Kisha maswali: Unatamani kuolewa? Unapaka wanja vitani? Unamkumbuka mchumba? Nikawaambia kwamba viongozi wetu tunawachagua wenyewe, kwamba vijijini sasa kila baraza linaongozwa na mwanamke na mwanamume pamoja, kwamba tunapigana ili binti asiuzwe sokoni kama Daesh walivyowauza dada zetu wa Kiyazidi. Waliitikia kwa vichwa huku wanatafuta jua liko wapi.

Nergiz ndiye kiongozi wetu. Ana miaka arobaini na kitu, anatoka Derik. Goti lake moja limevimba daima, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Sisi wote tuko hai kwa sababu yake. Kiangazi kilichopita, kijiji kimoja hapa kilipozingirwa, alipanda juu ya paa la shule na wasichana watatu, akawazuia adui mpaka familia ya mwisho ikatoka na mbuzi wake. Siku ya picha alikuwa amekaa kando yangu, anashona mkanda wa begi. Mpiga picha akamwomba kwa adabu sana asogee kidogo. Akasogea. Akamwomba asogee tena. Nergiz akasema, "Mwanangu, nikisogea zaidi nitakuwa upande wa adui." Tulicheka sote isipokuwa mimi. Mimi niliona haya.

Mwambie baba sikukonda. Ni jua.

Sosin


Amuda, 14 Machi 2015

Sosin,

Barua yako nimemsomea baba yako, nikiruka pale pa risasi. Akauliza, "Huyo Nergiz ana watoto?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Anao sasa."

Sikiliza ya huku. Umeshaposwa mara tatu. Posa moja ni ya Mkurdi wa Ujerumani mwenye duka la matairi, anasema atakusubiri vita viishe. Nimemjibu kwamba vita vyetu vina tabia ya kuchelewa.

Kuna makubwa zaidi. Duka fulani la nguo huko ng'ambo limetoa suti ya rangi ya majani makavu, suruali na shati vimeshonwa pamoja, mkanda kiunoni, kama sare yenu. Binti mmoja wa mtaa wa juu kaniletea picha yake nimshonee, anataka kuivaa kwenye sherehe ya hina ya dada yake. Niliiangalia kwa jicho la fundi. Mfuko wa kifuani hautoshi hata kidonge cha kichwa. Kiuno kimebanwa, aliyeivaa hawezi kuinama, sembuse kumbeba majeruhi. Nikamwambia nitakushonea, lakini siku ya kuja kuipima ulete na barua ya ruhusa ya mama yako, maana mwenye kuivaa namsafirisha moja kwa moja Gire Sor kwa lori la unga. Hajarudi.

Nacheka, Sosin, lakini jambo hili limenikera. Miaka yote niliyoishi hapa, mwanamke wa Kikurdi alikuwa haonekani. Hata lugha yetu hatukuruhusiwa kuifundisha. Leo dunia nzima inatutazama, na inachokiona ni mshono!

Nakutumia jibini na zeituni. Kile kifurushi kidogo ni cha Nergiz: kamba ya miwani, nimeisuka kwa uzi wa viatu, haikatiki. Mwambie fundi hawezi kulala akijua kuna kiongozi anaona dunia kupitia uzi wa kushonea.

Shangazi yako


Amuda, 23 Machi 2015

Kwa dada Nergiz, kiongozi wa kikosi cha wanawake, Gire Sor

Dada yangu, hatujaonana, lakini mwanangu yuko mikononi mwako, kwa hiyo nakuandikia kama ndugu.

Siku ya Newroz, mwaka mpya wenyewe, Daesh walitoa picha ile ya Sosin, wameichora msalaba mwekundu, wakasema wamemuua. Kufikia adhuhuri televisheni za nje zilikuwa zinalirudia. Zilisema "Macho ya Asali yamefumba". Hakuna hata moja iliyotuuliza sisi. Moto wa Newroz hatukuuwasha mtaani kwetu. Majirani wamekuja na viti vyao na kahawa chungu, wamejipanga uani, na mimi nawakaribisha kwenye msiba ambao sijui kama ni wangu.

Kaka yangu Silo amekaa chini karibu na tanuri tangu juzi. Hali chakula. Mwanamume huyu alisema mwanawe akitoka mlangoni asirudi. Sasa anauliza kila anayeingia, "Mmesikia nini?"

Nakuomba usinipambie maneno. Mambo ya mashujaa na nyota za mbinguni waachie wenye vipaza sauti. Kama yupo, niambie yupo. Kama hayupo, niambie mahali, nije nimchukue.

Zekiya, fundi cherehani, aliyemlea


Gire Sor, 25 Machi 2015

Dada Zekiya,

Mwanao yuko hai. Nimeliweka mbele ya salamu usije ukaanguka kabla ya kulifikia.

Hivi sasa yuko ng'ambo ya mto anawaleta majeruhi wa kikosi jirani, ndiyo maana naandika mimi. Akirudi nitamlazimisha aandike kabla hajala. Hii ni mara yake ya pili kufa magazetini. Mimi nipo vitani muda mrefu kuliko yeye na hawajaniua hata mara moja. Nimeanza kuona wivu.

Umesema nisipambe. Basi nakueleza nilichokiona kwa macho yangu, na kwa miwani iliyofungwa kwa kamba yako, ambayo kweli haikatiki. Wiki iliyopita tulipitia kijiji kimoja kilichotegwa mabomu. Ndani ya nyumba tulimkuta bibi kizee ambaye jamaa zake walikimbia wakamwacha. Alikataa kutoka. Alisema atafia kwenye godoro lake. Sosin hakumbishia. Alikaa chini, akamsuka nywele, polepole, huku anamwuliza habari za harusi yake ya zamani, kizee anasimulia. Alipomaliza kusuka akamwambia, "Sasa umependeza, huwezi kukaa ndani." Akambeba mgongoni, akakanyaga palepale alipokanyaga kuja. Kipande kile cha njia nilishindwa kukitazama, na mimi si mtu wa kufumba macho. Hapo hapakuwa na kamera.

Hata hivyo waandishi usiwachukie sana. Kuna msichana wa Hasaka aliyekuja kujiunga nasi kwa sababu ya picha ile. Nilimkabidhi koleo, nikamwonyesha mahali pa kuchimba handaki, nione kama bado anataka. Siku ya nne aliniuliza kama kuna koleo kubwa zaidi.

Mwambie kaka yako ale. Baba anayenuna ni bora kuliko baba mgonjwa. Na hao majirani wanywe hiyo kahawa yote, wasirudi na kiti hata kimoja kabla ya kuwasha moto wenu. Newroz haijali ikichelewa.

Nergiz


Tel Temir, 19 Aprili 2015

Shangazi,

Mwandiko usiujali, naandika nimeegemea. Nipo Tel Temir, wamenipa mapumziko.

Nergiz amekufa.

Daesh walikuja alfajiri kwa magari mengi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na familia za Waashuri na Waarabu zimekimbilia kwetu, na daraja lilikuwa limevunjika, wanapita kwa kamba. Nergiz akatuamuru sisi wahudumu tuwavushe. Yeye akabaki kwenye kinu cha zamani cha kusagia ngano na wenzetu wawili. Nilimwambia, "Nibaki na mimi." Akasema, "Wewe ukibaki, nani atawabeba?" Alikuwa anapangusa miwani.

Tuliwavusha wote. Jua lilipopanda, bunduki yake ilikuwa bado inasikika, risasi moja, kimya, risasi moja, vile alivyotufundisha, bila haraka. Kisha ikawa kimya tu. Wenzetu walipokirudisha kinu mchana, walimkuta dirishani. Wale wawili walikuwa hai chini ya ngazi. Aliwateremsha alipoona risasi zinakwisha.

Wamempeleka kwao Derik. Sikuweza kwenda kumzika.

Waandishi walinifuata huku. Ni walewale. Wakasema dunia inataka kujua Macho ya Asali anajisikiaje. Wakaniletea bunduki nishike, na wakaomba, samahani, kama naweza kulia. Nikawaambia bunduki siishiki, lakini nitazungumza, kwa sharti kwamba wataandika jina lake. Wakakubali. Nikawasimulia asubuhi nzima: paa la shule, kinu, goti, vichekesho vyake, jinsi alivyokuwa akigawa mkate kwa kuanzia na mdogo wetu kuliko wote. Kijana wao mkalimani alikuwa akipangusa macho.

Jana gazeti limefika. Ni picha yangu ileile ya Februari. Chini yake: "Mrembo wa vita amlilia rafiki." Rafiki. Basi. Hata jina halimo.

Shangazi, nakuomba kitu kimoja. Mama yake Nergiz yuko hai, anaitwa Gozel. Nenda Derik. Ukae naye. Mweleze mwanawe alikuwa nani, maana sidhani kama kuna aliyemweleza.

Sosin


Amuda, 4 Mei 2015

Mwanangu,

Nimekwenda. Baba yako ndiye aliyeendesha gari. Sikumwomba. Nilipotoka na kapu langu nilimkuta ameshakaa kwenye usukani, amenyoa, amevaa koti lake zuri lisilo na kifungo.

Derik mvua ilikuwa inanyesha. Mama Gozel ni mdogo wa umbo kama ndege, anaishi chumba kimoja na jirani yake anayemsaidia. Picha ya Nergiz aliyonayo ni ya shuleni, ana miaka kumi na miwili. Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, nikampa pole. Akaniambia, "Asante, binti yangu. Namshukuru Mungu hakuwa kwenye vita vyenyewe. Alikuwa anawapikia. Bomu lilimkuta jikoni."

Sosin, hakujua. Miaka yote Nergiz alikuwa akimwambia mama yake kwamba yeye ni mpishi wa kambi, kwa kuwa mama ana moyo mbovu. Nikatazamana na baba yako. Niliogopa: nikisema, huenda nikamuua mama wa watu, na nikinyamaza, Nergiz atazikwa mara ya pili.

Nikaanza polepole. Nikasema alikuwa mpishi kweli, alikuwa akigawa mkate kwa kuanzia na mdogo wao. Kisha nikamwambia kuhusu paa la shule. Yule mama akanikazia macho. Akasema, "Endelea." Nikamwambia kuhusu kinu. Akasema, "Endelea." Nilipomaliza aliichukua ile picha ya shuleni, akaiweka pajani. Kisha akasema, "Nilikuwa najua. Mkono wa mpishi una makovu ya moto. Wake ulikuwa na chubuko la kitako cha bunduki begani kila alipokuja. Nilikuwa namwachia anidanganye, kwa kuwa ilimpa raha."

Majirani walikuwa wameanza kujaa mlangoni. Wengi hawakuwa wamelisikia hata moja katika hayo. Na hapo ndipo baba yako aliponishangaza. Aliinuka, akavua kofia mbele ya watu wote, akasema, "Mimi naitwa Silo. Mimi ni baba wa Sosin. Mwanangu yuko hai kwa sababu ya mwanao. Nimekuja kukwambia mimi mwenyewe." Alilitaja jina lako kwa sauti, Sosin, chumba kikasikia. Mama Gozel akamwambia, "Basi usikae hapa ukinilia mimi. Nenda kamwone."

Anakuja Alhamisi. Na usijisumbue kuficha jeraha. Mtu hapewi mapumziko Tel Temir wakati wenzake wanapigana, na mwandiko wako umelala kama mgonjwa. Nimejua tangu mstari wa kwanza. Nilisubiri uniambie.

Shangazi yako


Gire Sor, 2 Juni 2015

Shangazi,

Baba alikuja na fungu zima la vitunguu vya kijani na supu ambayo nusu ilimwagika njiani. Alikaa pembeni ya kitanda, akanitazama mguu, kisha akatazama ukuta. Alisema, "Sikukukataza kwa kuwa nilidhani huwezi. Nilikukataza kwa kuwa nilijua utaweza." Baada ya hapo tulizungumza habari za ngano mpaka jioni.

Mguu umepona kiasi cha kuchechemea. Nimerudi. Tulipiga kura tena, na wamenichagua mimi niongoze. Nilikataa. Yule wa Hasaka, wa koleo, akasema, "Hatukukuchagua kwa macho yako." Nikakosa pa kujificha.

Wiki hii kamera zimekuja tena. Niliwapanga wenzangu wote ukingoni, mpishi, dereva, akina mama wawili wa Kiarabu waliojiunga juzi, na mimi wa mwisho kabisa. Nikawaambia waandishi: mnapiga wote au hampigi, na kila jina mnaliandika, na la kwanza ni Nergiz wa Derik. Kiongozi wao alikunja uso, akafunga vifaa vyake. Lakini mwandishi mmoja mwanamke, wa redio ndogo ya Qamishlo, alibaki. Hana hata kamera. Alikaa nasi hadi chakula cha jioni, akauliza, akasikiliza, akaosha sahani yake. Kipindi chake ni Jumatano. Mwambie mama Gozel awashe redio.

Sosin


Amuda, 21 Juni 2015

Sosin wangu,

Jumatano tuliiweka redio dirishani mwa duka, mtaa mzima ukasimama nje. Derik nasikia walifanya hivyohivyo. Mama Gozel alituma salamu kwa simu ya jirani: amesikiliza lote, moyo haukusimama, na anaomba kipindi kirudiwe.

Sasa nami nina la kukwambia, na usikasirike kabla hujamaliza. Wanawake wa makamo wa mtaa wetu tumejipanga kulinda njia ya kuingilia mjini, ili vijana wote waende mbele. Tulifundishwa kuanzia mwanzo wa Mei. Nimefaulu kufungua bunduki na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Kwa aliyetia uzi kwenye sindano maisha yake yote si kazi. Baba yako anatuletea chai, anajifanya anapita tu.

Jana mchana nilikuwa zamu na mke wa muuza mafuta. Tumekaa kwenye viti vyetu kando ya kizuizi, bunduki magotini, tunatafuna mbegu za alizeti. Gari likasimama. Akashuka kijana wa kigeni, kamera mbili shingoni, na mkalimani wake. Akatusalimu kwa heshima, nikapekua begi lake, nikasoma karatasi zake, nikamwinulia kamba, gari likapita. Likasimama tena, akarudi kwa miguu, akauliza, "Mama, naomba unisaidie. Wanawake wapiganaji nitawapata wapi?"

Nikatema ganda, nikamwambia, "Umeshawapita, mwanangu. Rudisha gari."

Shangazi yako,
Zekiya